Kuvisha Watu Nako Ni Kazi

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi wenzetu mliotoka kanisani mkaja hapa moja kwa moja, Bwana asifiwe, karibuni. Mtaniwia radhi, nitazungumza nimekaa. Magoti haya yamepigwa sana sakafuni nikipima mapindo ya nguo za watu, na siku hizi yananidai.

Mwenyekiti wetu wa kikundi aliniambia nije niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nikamwambia, bibiye, kuanguka nakukumbuka vizuri, lakini kuinuka sijui kama nimemaliza. Akasema, "Basi sema ulipofikia." Kwa hivyo nitasema nilipofikia. Majina sitayataja. Wengine wako hai na ni jirani zenu, na wengine wamekwisha kututangulia mbele ya haki.

Mimi ni mtoto wa Likoni, upande wa Mtongwe. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu aliyekuwa fundi wa cherehani. Kushona sikujua, na mpaka leo mshono wangu ni wa kuombea dua. Kazi aliyonipa ilikuwa kuwashikia wateja kioo. Sasa mtu ukishika kioo mwaka nenda mwaka rudi, unajifunza. Unamwona mtu anavyolirudisha tumbo ndani, anavyoinua kidevu, anavyoikwepa sehemu moja ya mwili wake kana kwamba haipo. Nikawa najua nani ataipenda nguo na nani ataichukua kwa haya tu, kisha akaifungie kabatini.

Siku moja mama mmoja anajipima gauni la kijivu, mdomo ukanitoka. "Mama, rangi hiyo inakuzeesha. Chukua kile kitambaa cha kule." Shangazi alinitolea jicho mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Yule mama akajitupia kitambaa begani, akajigeuza mbele ya kioo huku na huku. Kisha akamwambia shangazi, "Huyu binti usimfiche."

Ndivyo nilivyoanza. Nilipoolewa nikaja huku Kisauni, tayari miaka ya themanini imeingia, watu wakinitafuta hadi mlangoni. Wake wa hapa, na wale walioajiriwa bandarini na viwandani Changamwe, wengine wametoka bara juzi tu, hawajui joto letu linataka nguo gani. "Dada, twende Kongowea ukanichagulie." Tunaingia katikati ya mitumba, mafungu yamemwagwa chini, mimi nainama natoa blauzi moja kwenye rundo ambalo yeye angelipita asiangalie. Naikung'uta, namwekea kifuani. Hii. Wallahi, mara nyingi sikukosea. Na mabibi harusi pia niliwapamba, hina na piko ile nyeusi, nywele, nguo za kila siku ya sherehe, mpaka kikuba cha asmini kifuani.

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuikubali hata siku moja. "Kuvisha ni kazi ya yaya," akiniambia. "Na wa kuvishwa ni mtoto mchanga na maiti. Hao wengine wote wana mikono." Watu walicheka, nami nikicheka nao. Mume wangu hakucheka wala hakuuliza. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mtu wa maneno machache, na chakula kilipokuwa mezani hakutaka kujua kimepitia njia gani.

Sasa sikilizeni mambo yanavyogeuka. Hayageuki kwa kishindo.

Bibi harusi mmoja niliyempamba aliachwa fungate haijaisha. Yalikuwa mambo yao, sikuyajua wala sikuyauliza. Baadaye mwengine, wa Mishomoroni, mumewe akagongwa na lori njia ya Malindi, hata hawajazoeana. Nilikwenda matangani nikalia kama wote. Niko uani naosha masufuria, nikamsikia mtu nyuma ya pazia anamwambia mwenziwe, "Na huyu pia alipambwa na yule yule." Hakusema zaidi. Mwenziwe akavuta pumzi, "Laa ilaha!" Nikaendelea kuosha sufuria lile lile mpaka likawa linang'aa kama jipya.

Mama zangu, mtu akisingiziwa wizi atasema mnipekue. Aliyeambiwa ana mkosi atasema nini? Nitapekuliwa wapi?

Nilijipa moyo kwamba yatapita. Kisha nikaitwa upande wa Ziwa la Ng'ombe, nyumba ya watu wenye heshima zao. Nikafika asubuhi, nikakoroga hina yangu, nikamkalisha binti mkekani. Mkono wa kulia nikaumaliza, ua limepanda hadi kifundoni, zuri, hata yeye mwenyewe akalitazama akatabasamu. Nauanza mkono wa kushoto, shangazi yake anaingia. Mtu mzima, mpole. Akainama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, usione vibaya. Tumepata mwengine."

"Mwengine wa nini, shangazi? Mkono mmoja umekwisha."

"Twajua. Tutauosha."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wakaleta beseni, wakaleta ndimu zilizokatwa, wakamsugua yule binti mkono mbele yangu. Wanawake wamejaa ukutani mpaka mlangoni, wote wanatazama. Na hina, mnaijua, hina ikishashika haitoki kwa ndimu. Walisugua mpaka mtoto wa watu akaanza kulia kwa uchungu, ua bado liko, limechujuka tu, limekuwa kama kovu. Mimi nikakusanya vyombo vyangu kimoja kimoja, nikavifunga kwenye leso. Nilimwambia yule binti, "Mungu akupe kheri." Mama yake akaweka mkono baina yangu na mwanawe, kana kwamba hata dua yangu ingemrukia.

Nilitoka pale kwa miguu hadi nyumbani. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ambao sikuujua mwanzowe, kama mtu aliyebebeshwa kitu na hakuambiwa pa kukitua.

Baada ya hapo mlango wangu ulinyamaza. Hakuna aliyenitukana. Watu walinisalimia vizuri, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, lakini harusi zilipita njia yangu zikaenda kwengine. Hata wale wa Kongowea wakawa wana udhuru. Kisha mume wangu akapunguzwa kazini pamoja na wenziwe wengi, na mama mkwe akasema lile neno la mkosi alilokuwa amelizuia. Chakula nilichopika akawa hakigusi. Siku nyingi hazikupita, mume wangu akanipa talaka yangu, kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Mama hana amani," akasema. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akatazama chini. "Mimi sijui ninachoamini." Mpaka leo simchukii kwa jibu lile. Alisema kweli.

Nikarudi Mtongwe kwa mamangu. Hakuniuliza neno. Alinitandikia kitanda changu cha usichana, akaniwekea uji. Nikapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja pale Likoni. Pasi ya makaa, kutwa kucha mbele ya meza, jasho linakutiririka mpaka kwenye viatu. Nilivaa leso moja iliyopauka, na kioo nilikigeuza ukutani. Ila jambo moja lilinitesa. Shati likipita mkononi mwangu bado niliona ni la mtu gani, lingemfaa nani, nani amelivaa na halimfai. Nikajifunza kupiga pasi bila kuangalia nguo. Mtu anaweza kujifunza hata hilo. Nilikaa hivyo muda mrefu, miaka imepita, na nawaambia kweli, sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa nimezimika.

Siku moja pale dobini akaja mama mmoja kutoka Changamwe, mtu wa bara, amevuka feri kunitafuta. Sikumkumbuka. Yeye alinikumbuka.

"Wewe ndiye ulinichagulia ile nguo ya buluu," akasema. "Nikaivaa kanisani mpaka ikachakaa. Nina msichana wangu, nataka umwone."

Nikaendelea na pasi. "Mama, hukusikia habari zangu?"

"Nilisikia."

"Basi?"

"Basi ndiyo nimekuja. Mtoto wangu ameungua."

Akanieleza amesimama, mkoba kifuani. Bintiye alikuwa mwalimu wa chekechea. Stovu ya mafuta ya taa ililipuka akipika chai, ikamchoma shingo, shavu moja na mkono wa kushoto. Hospitali walimtibu, akapona. Lakini tangu aliporudi nyumbani hajavuka kizingiti. Mwalimu mkuu wake alikuwa amemngojea kwa subira, na sasa amesema muhula ukifunguliwa bila yeye, itabidi atafute mwalimu mwengine.

"Mimi si daktari, mama. Wala si kasisi."

"Daktari amemaliza yake. Kasisi naye amekuja, ameomba, ameenda. Hakuna aliyemwambia avae nini."

Yule dobi, mwajiri wangu, mtu mkali ambaye hatukuwa tukizungumza naye ila ya kazi, alikuwa akisikiliza. Akanichukulia pasi mkononi. "Nenda," akasema. "Hizi nitamaliza mimi."

Nilimkuta binti chumbani, pazia limefungwa, joto la kukata pumzi. Amevaa sweta ya shingo ndefu. Changamwe, mwezi wa pili, sweta! Na juu yake kitambaa amejizungushia mpaka mdomoni. Nikaona haki kumwambia kabla sijakaa: mimi nasemekana nina mkosi, mkono wangu ukimgusa mtu mambo yake huharibika, akitaka niondoke nitaondoka.

Akakiteremsha kile kitambaa. Sitawaeleza nilichokiona, ni uso wa mtu. Akasema, "Niangalie vizuri, dada. Huo mkosi wako utanifanya nini ambacho stovu haijanifanya?"

Tukatazamana. Sijui nani alianza, lakini tulicheka mpaka mama yake akaja mlangoni kuona kuna nini. Nilikuwa sijacheka tangu Ziwa la Ng'ombe.

Nikafungua kabati lake. Nguo zote alizoletewa na watu, kwa wema wao, zilikuwa za kumfunika. Mikono mirefu, kola ngumu, vitambaa vya nailoni. Nikamuuliza zinamwashaje. Akasema, "Kama siafu." Watu wote walikuwa wameuliza tufiche nini. Nikamuuliza jambo jengine: "Unataka nini kionekane?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Akafikiri, akaona haya. "Miguu," akasema. "Nilikuwa nasifiwa miguu."

Sasa mimi ni mtoto wa Kiislamu, nimelelewa na buibui, na naona hapa wake wa mashehe wananitazama. Lakini nikasema, miguu ndiyo tuliyopewa, tutaanza na miguu.

Nikaenda Kongowea. Mara ya kwanza tangu ile miaka. Nilisimama pembeni mwa yale mafungu, naogopa mtu atanijua. Kisha nikainama. Nikatoa sketi nyepesi ya kufika chini ya goti, inayocheza ukitembea. Nikatafuta sana kitu cha juu, mpaka nikapata shati la pamba la kiume, limefuliwa na wenyewe huko ughaibuni mpaka limekuwa laini kama leso ya mtoto. Rangi ya bizari. Nikamwomba fundi aing'oe kola, aipanue shingo, nguo isiguse kovu popote. Na kitambaa cha shingoni hakuna. Mama yake alipoona akashika mdomo. "Na shingo je?" Nikamwambia, "Shingo itapumua."

Binti akavaa, akasimama mbele ya kioo. Ndugu zangu, natamani niwaambie aliruka kwa furaha. Alijitazama, uso ukamkunjamana, akalivua shati akalitupa. "Unanifanya maonyesho! Toka! Ni kweli yale watu wanayosema juu yako!"

Nikatoka. Nilirudi kwenye pasi yangu, nikajiambia, umeona sasa? Baba alikwisha sema. Yule dobi akanisogezea makaa.

Siku kadhaa zikapita. Mama akaja tena, anahema. "Anakuita. Amelivaa."

Kumbe hakulivaa kwa uzuri. Siku moja joto lilimzidi, ile sweta ikamwasha hadi akawa anajikuna damu, na shati lile lilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba kisichouma. Akalivaa alale nalo. Akaamka nalo. Akashinda nalo akasahau kulivua. Nilipoingia alikuwa ameketi dirishani, pazia liko nusu.

"Sitaki kioo," akaniambia. "Na mama usimuulize, mama atasema nimependeza hata nikivaa gunia. Nataka kujua kweli."

"Kweli iko nje," nikamwambia. "Pale kwa muuza mahamri."

Alinitazama kama nimemwambia aingie baharini. Akavaa sketi. Akavaa viatu. Tulikwenda polepole, asubuhi jua limepanda, watu wanapita kwenda kazini. Alinishika mkono, kucha zake zikaniingia nyamani. Wengine walimtazama, mmoja akasimama kabisa akatazama, siwafichi. Tukafika. Muuza mahamri, mwanamke mnene, amejifunga leso mbili, akainua macho kutoka kwenye karai. Akamwona. Uso aliuona, kwa sababu mwiko ulisimama hewani. Kisha macho yake yakateremka, yakapita shati, yakafika sketini.

"We mwalimu," akasema, "sketi hiyo umeipata wapi? Inakukaa!"

Ni hilo tu. Binti akajibu, "Kongowea." Yule mama akasema, "Nami nitaitaka," akamfungia mahamri. Tukarudi. Tulipokaribia nyumbani binti alikuwa anatembea mbele yangu, ameniacha nyuma, nami nimesimama njiani nalia kama mtoto, mpaka wapita njia wakaniuliza nimefiwa na nani.

Muhula ulipofunguliwa alikwenda kazini. Watoto wa chekechea walimuuliza siku ya kwanza, "Nini kimekuchoma?" Akawaambia, wakasema, "Pole mwalimu," wakaendelea na mchezo. Watu wazima walichukua muda zaidi.

Kuanzia hapo nikaanza kuitwa tena. Si harusi. Harusi hazikurudi, na mpaka leo kuna nyumba nikiingia watu husoma dua chini kwa chini. Waliokuja ni wale ambao kioo kimewashinda. Mama aliyekatwa titi. Kijana wa bandarini aliyepoteza mkono, hataki mkono wa shati upeperuke watu wakiona. Msichana mrefu aliyezoea kujikunja kama mundu. Nilichukua chumba hapa Mishomoroni, na pasi nimeiweka humo humo, kwa sababu siku ambazo hakuna mtu wa kuvisha, napiga nguo za watu pasi.

Kabla hatujaingia humu, mama mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza, binti yangu anataka kazi kama yako, nimruhusu? Nitamjibu mbele yenu. Mama, kazi hii inalisha, lakini haishibishi kila siku. Awe na kazi nyengine ya mkono, asiitegemee hii peke yake. Akitaka sifa, mkataze, kwani sifa ya mpambaji huoshwa hata hina haijakauka. Akipenda nguo, pia mkataze, wapenda nguo ni wengi, hao wakauze madukani. Lakini kama anapenda kuwatazama watu, na akimtazama mtu anaumwa na lile linalomuuma yule, basi mruhusu, maana hata ukimkataza ataifanya bure.

Namshukuru mamangu, aliyenipa uji na asiniulize. Namshukuru yule dobi, aliyeshika pasi yangu. Namshukuru yule mama wa Changamwe, ambaye dini yetu si moja na alivuka maji kumfuata mtu anayekimbiwa. Bintiye namshukuru zaidi ya wote, kwa kunifukuza na kwa kuniita. Na nyinyi wa kikundi hiki, mlionikalisha kati yenu mkala sahani moja nami, mlijua yanayosemwa na mkanawa mikono mkala. Mungu awalipe.

Ninalolijua ni dogo. Mtu aliyeanguka msimfunike haraka. Muulizeni kwanza angependa nini kionekane, na mngoje jibu, hata akiwafukuza.

Nimesema vya kutosha na nimechoka. Kesho asubuhi kuna mjane anatoka eda, amezoea nyeupe miezi yote hii, hajui tena rangi gani ni yake. Nimemwahidi tutakwenda sokoni mapema, kabla ya jua. Niruhusuni nikapumzike.